Siku Ziwa la Juu Lilipofungwa

Dada yangu alikuwa mtunza boti wa Ziwa la Juu kwa miaka kumi na saba, na mimi ndiye niliyemwondoa. Mjini kwetu wapo wanaosema aliondolewa na maofisa, na wapo wanaosema aliondolewa na upepo. Nawaacha waseme.

Mji wenyewe unaishi kwa mlima. Watu hupanda kutoka huko chini kwenye joto, wamevaa viatu vipya ambavyo havijaonja tope, wakakaa siku tatu nne, wakapiga picha, wakashuka. Hoteli yetu ilikuwa na maziwa mawili. Ziwa la Chini liko bustanini kabisa, ukikaa chumba cha kulia unaliona dirishani. Halina kina, na watoto huendesha humo boti za pedali zenye umbo la bata. Ziwa la Juu liko mwendo wa dakika arubaini kwa miguu, unapita msitu wa misonobari mpaka unatokea chini ya jabali lenyewe. Maji yake ni meusi, na ni ya baridi kiasi kwamba ukitumbukiza mkono vidole vinauma mpaka kwenye mfupa. Hilo ndilo lililokuwa kwenye picha kubwa ukutani mapokezi, na hilo ndilo wageni walilolifuata. Lile la chini lilikuwa la kuwanyamazishia watoto.

Huko juu Dada alikuwa na boti kumi na mbili za makasia, kibanda cha mbao, gati fupi, mlingoti wa bendera na redio ya mkononi ya kuzungumza na mapokezi. Wafanyakazi walimwita Bi Kasia. Alikuwa na viganja kama vya seremala, na tabia ya kutazama mlima huku anakuongelesha, hata mgeni asiyemzoea akadhani anadharauliwa. Hakuwa anamdharau mtu. Alikuwa anatafuta wingu. Upepo wa kule hauji kwa kubisha hodi. Unaweza kukaa asubuhi nzima jua linawaka, maji yametulia, kisha kiwingu chembamba kinavuka bega la jabali, na baada ya saa tatu nne upepo unaanguka ziwani kama gunia lililotupwa kutoka darini. Dada alikijua kile kiwingu. Akikiona alipandisha bendera nyekundu, akazifunga boti kwa mnyororo na kufuli, akaita redioni: "Mapokezi, Ziwa la Juu limefungwa."

Na mapokezi nilikuwa mimi.

Kazi ile alinitafutia yeye. Alimfuata meneja mkuu ofisini, na viatu vyake vya matope, akamwambia nina mdogo wangu, ana mwandiko mzuri na haogopi simu. Hata mume wangu, ukitaka kusema kweli, ni yeye aliyenikutanisha naye. Alikuja hotelini kama kibarua wa jikoni, mwembamba, mcheshi, hajui kuogelea. Dada alimchukua siku za mapumziko akamfundisha kuogelea, akamfundisha kupiga makasia, akamwonyesha na kiwingu. Miaka kumi na mbili baadaye yule kibarua alikuwa mkuu wa burudani na michezo wa hoteli nzima, na koti lenye nembo kifuani. Wafanyakazi wakamwita Bwana Burudani, mara nyingine mbele ya uso wake, naye akacheka nao. Kucheka hakujawahi kumshinda. Dada akawa chini yake kikazi. Nyumbani alimwita shemeji na kazini alimwita mkuu, na kama alikuwa na kinyongo mimi sikukiona.

Mwaka huo hoteli ilikuwa imepwaya. Vyumba vilikaa vitupu wiki nzima, wapishi wakawa wanapika wenyewe wanakula wenyewe. Ndipo kampuni moja kutoka huko chini ikaleta wafanyakazi wake arubaini kwa siku tatu, pamoja na bosi wao, mtu mnene wa sauti kubwa aliyetaka kila kitu kiwe kwenye ratiba. Siku ya kwanza walitembea msituni. Siku ya pili walivuta kamba kwenye majani, wakaogelea, wakala kando ya zile boti za bata. Siku ya tatu, saa saba mchana, kabla ya kupanda mabasi, ratiba ilisema: mashindano ya boti, Ziwa la Juu. Bosi alikuwa amekuja na kikombe cha ushindi ndani ya boksi, na alikionyesha kwa kila aliyepita mapokezi.

Asubuhi ya siku hiyo ya tatu mhasibu wao alinijia kaunta kuomba sindano na uzi. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Kifungo cha suruali kilikuwa kimemtoka. Alikishona hapo hapo, amesimama, huku ananisimulia kwamba hajui kuogelea hata kidogo, lakini kila boti ilitakiwa iwe na mwanamke, na wanawake walikuwa hawatoshi.

"Mimi kazi yangu ni kukaa tu," alisema. "Mzigo wa kuifanya boti isiyumbe."

Tukacheka. Alikata uzi kwa meno, akanishukuru, akaondoka.

Saa nne na robo redio ikaita. "Mapokezi, Ziwa la Juu limefungwa. Wingu limevuka. Boti hazitoki mpaka kesho." Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Nikaandika kwenye daftari la redio, saa na maneno yenyewe, kama tulivyotakiwa kuandika kila mwito. Kisha nikachukua chaki nikaandika kwenye ubao wa wageni: Ziwa la Juu limefungwa leo, upepo.

Mume wangu alipita saa tano na nusu. Alisimama mbele ya ubao, akatoa leso, akaifuta ile mistari taratibu kama anayefuta vumbi.

"Nani kasema?" aliniuliza.

"Dada kaita."

"Hebu ona nje." Akanyoosha mkono kwenye dirisha. Nje jua lilikuwa limetanda, hata majani hayatikisiki. "Nikamwambie yule bwana na kikombe chake kwamba kuna kiwingu?"

"Wapeleke la chini basi."

"Na bata?" alisema. "Watu wazima arubaini, mameneja kwa makarani, niwapange mstari kwenye bata?"

Nilicheka. Naona haya kulisema, lakini nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Akazunguka kaunta, akanyoosha mkono nyuma ya kichwa changu, akauchukua ufunguo wa akiba wa kufuli la boti uliokuwa umetundikwa msumarini. Nilimwona. Simu ikalia, nikaishika, na nilipoiweka chini yeye alikuwa ameshavuka bustani.

Yaliyotokea huko juu niliyapata kwa vinywa vyao wote wawili, mume wangu kwa chake na Dada kwa chake, na hawakutofautiana sana.

Mume wangu aliwatangulia wageni kwa kama dakika ishirini. Bendera ilikuwa juu, boti zimefungwa. Aliishusha bendera mwenyewe, akaikunja, akaiweka kibandani chini ya benchi. Dada akaenda kusimama kwenye mnyororo.

"Shemeji, nimefunga."

"Nimesikia. Fungua saa moja tu. Mzunguko mmoja, mpaka kwenye lile jiwe na kurudi, kisha ufunge mpaka mwaka kesho ukitaka."

"Saa moja haipo. Saa nane haitapita kabla upepo haujashuka."

"Wiki iliyopita ulifunga. Upepo ulishuka?"

"Haukushuka."

"Enhe."

"Haukushuka, na sisi hatukumzika mtu," Dada alisema.

Hapo sauti za wageni zilikuwa zimeanza kusikika kwenye misonobari, wanaimba. Mume wangu akamsogelea. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hoteli ikipoteza kundi hili watapunguzwa watu, na hajui wataanzia wapi, labda wataanzia mapokezi. Akamwambia anamwomba asimwaibishe mbele ya wageni, na kama ombi halitoshi basi hiyo ni amri. Akaingiza ufunguo wake kwenye kufuli.

Dada angeweza kupiga kelele. Angeweza kuwaambia wale watu rudini, mnadanganywa. Alichofanya ni kumvika kila mtu jaketi la kuelea kwa mkono wake mwenyewe, watu arubaini, na kila mmoja akamfunga mafundo mawili. Mhasibu alimwambia hajui kuogelea. Dada akamfunga matatu. Kisha akaiacha boti moja tupu kwenye gati, makasia yameshapachikwa, akakaa ndani yake akisubiri.

Mbio mbili za kwanza zilikwenda salama. Watu walishangilia, bosi alipiga filimbi, picha zikapigwa. Katika mbio ya tatu zilitoka boti tatu, watu wanne wanne. Zilikuwa zimefika katikati, saa nane kasorobo, upepo uliposhuka. Boti mbili zilipinduka papo hapo na ya tatu ikajaa maji mpaka kwenye mbao za kukalia. Dada alikuwa ameshaondoka gatini kabla ya mtu kupiga ukelele wa kwanza. Alikwenda na kurudi mara tatu, watu wameng'ang'ania ubavuni mwa boti kwa sababu hawezi kuwapandisha wote, yeye anavuta makasia na upepo unamsukuma nyuma. Nisimnyime mume wangu haki yake: naye aliingia na boti nyingine na akaleta wawili. Walitoka watu kumi na mmoja.

Mhasibu alipatikana baada ya saa nzima, upande wa pili, kwenye matete. Hakuwa na jaketi. Mwenzake wa boti alisema lilikuwa linambana shingo, akalilegeza kule kwenye jiwe, wakati maji bado yametulia.

Mimi nilichosikia ni redio. "Mapokezi, daktari. Na mablanketi yote." Nikampigia daktari. Nilikimbia stoo nikakumbatia mablanketi mpaka nikawa sioni mbele, na nilipokuwa napanda njia ya msituni nilikuwa bado sijawaza juu ya daftari. Nilikuwa nawaza watu wamelowa. Mume wangu aliliwaza kabla yangu.

Alikuja ofisi ya nyuma ya mapokezi jioni ile ile, mabasi ya wageni yakiwa bado yamesimama nje taa zimewaka. Nywele zilikuwa mbichi. Alifunga mlango, akalifungua daftari, akatafuta kwa kidole.

"Ukurasa huu hauwezi kukaa hivi," alisema.

"Hivi ndivyo alivyosema."

"Najua alivyosema. Nilikuwa na masikio." Akakaa juu ya meza. Kwa kitambo nilimwonea huruma. "Sikiliza. Maofisa watakuja. Lazima awepo aliyekosea. Nikiwa mimi, ni jela. Nyumba ni ya hoteli, utatoka. Watoto wataondoka shuleni. Akiwa yeye, atapoteza kazi, basi. Watasema aliliona wingu akachelewa kufunga, ni kosa la kibinadamu, hakuna wa kumfunga mtu aliyeokoa watu."

"Ni dada yangu."

"Ndiyo maana nakuambia wewe." Akanitazama. "Mama watoto, dada yako hana mtoto. Hana mume. Hana cha kupoteza."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mwangu miaka yote hii, na kinachonitesa zaidi ni kwamba siku ile yaliniingia. Yalionekana ni hesabu sahihi.

Niliuchana ukurasa. Kwa kalamu ile ile niliuandika upya wote, tangu asubuhi: saa mbili na dakika kumi, maziwa ya jikoni yamefika lango la nyuma, saa tatu, mtunza bustani anaomba mpira wa maji, saa nne na robo, Ziwa la Juu, hali ya kawaida. Dada hakukosea kumwambia meneja kwamba nina mwandiko mzuri. Mume wangu akaniambia niuchome ule wa kwanza. Nikamwambia nimeuchoma. Niliukunja nikautia chini ya vitambaa kwenye kasha la cherehani.

Maofisa watatu wa usalama wa maji walikuja baada ya wiki tatu. Walikaa chumba cha kulia, meza mbili zimeunganishwa, na sisi tumepangwa kwenye viti ukutani. Dada aliitwa kwanza. Alieleza kila kitu kama kilivyokuwa, wingu, bendera, mwito, ufunguo. Ofisa mkubwa akamwuliza nani anaweza kuthibitisha, kwa sababu hakuna mgeni aliyeiona bendera, na mkuu wake amesema haikuwepo.

"Mpokezi aliandika," Dada alisema. "Mdogo wangu yule pale. Mwulizeni."

Alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda bafuni. Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Nikala kiapo. Ofisa akanisogezea daftari, akaniuliza kama ule ni mwandiko wangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama asubuhi ile nilipokea mwito wowote wa kufunga ziwa. Nikasema nilichopokea ni kile kilichoandikwa. Akasoma kwa sauti: hali ya kawaida. Akaniuliza tena, nina hakika? Nikasema nina hakika.

Nilitegemea Dada atasimama, atanitukana, atanirushia kiti. Alinitazama tu, na uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa kama anayemwona mtu barabarani, anajua anamfahamu, na jina halimjii.

Maamuzi yalikuja kwa barua. Mtunza boti alichelewa kutambua hatari na hakufunga ziwa kwa wakati. Amezuiwa kufanya kazi yoyote ya majini. Mkuu wa burudani amepewa onyo. Mwaka uliofuata mwenye onyo alipandishwa kuwa meneja msaidizi, na juu ya gati kukawekwa ubao mkubwa wa kanuni za usalama: angalia bega la jabali, wingu likivuka boti zisitoke, jaketi lifungwe na mtunza boti mwenyewe. Maneno hayo aliyaandika mume wangu, neno kwa neno kama alivyofundishwa na Dada akiwa kibarua. Wageni hupiga picha chini yake.

Kabla ya hapo, mwezi mmoja baada ya barua, mume wa marehemu mhasibu alikuja. Alikuwa mwanaume mfupi, amevaa suti iliyombana, ameshika bahasha ambayo hakuifungua. Aliniuliza kwa upole anaweza kumpata wapi mtunza boti. Ningeweza kusema sijui. Nilichukua ramani ndogo tunayowapa wageni, nikamwekea alama ya kalamu nyumbani kwa mama yetu, ambako Dada alikuwa anaishi, nikamwelekeza apitie nyuma ya ofisi ya posta. Aliniambia asante, dada.

Mama ndiye aliyenisimulia. Yule bwana alisimama mlangoni, Dada akatoka na mikono ina sabuni.

"Ni wewe uliyekuwa zamu?"

"Ni mimi."

"Mke wangu alikuwa hajui kuogelea."

"Najua. Aliniambia nilipokuwa namfunga jaketi."

Yule bwana akaanza kulia, hapo hapo mlangoni, na Dada akaenda ndani akamletea kiti. Akakaa kiasi cha nusu saa. Dada hakumwambia habari ya bendera wala ufunguo wala daftari. Mama alisikiliza kila neno akiwa nyuma ya pazia, akingoja amwambie, na hakumwambia.

Jumapili iliyofuata nilipiga moyo konde nikaenda. Dada alikuwa uani anafua.

"Karibu," alisema. "Mama yuko ndani."

"Nimekuja kwako."

Akaendelea kusugua kola ya shati. Nikaanza kusema niliyojiandalia njiani, nyumba, jela, watoto.

"Nilijua utasema watoto," alisema. "Mimi gatini pale nilinyamaza kwa ajili ya nani, unafikiri? Aliponiambia wataanzia mapokezi, nikakuona wewe na hao watoto wako mko barabarani na magodoro. Nikanyamaza. Mtu akafa. Kwa hiyo na mimi ninalo kosa langu, sitaki mtu aniambie sinalo. Ila la kwangu nimelibeba mwenyewe. Sikumtwika mtu."

"Kwa nini hukumwambia yule bwana?"

"Nimwambie nini? Aje aichome nyumba na wanao wamo?" Akalikamua shati, akalitundika. "Nenda ukamsalimie Mama. Chai iko mezani."

Mama alitumiminia sote wawili, akakaa katikati yetu, akaongea habari za bei ya mkaa mpaka nikaaga. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo. Lakini tangu siku hiyo nikija ananiuliza nitakaa sana au napita, kama anavyoulizwa jirani.

Dada alipata kazi ya kumenya viazi jikoni kwa shule moja ya bweni. Viganja vyake vya makasia vikawa vyeupe, vimejikunja kwa maji. Alikuwa na miaka arubaini na sita. Watu wa hoteli waliokuwa wanampisha njia walianza kumpita na kumsalimia kwa kichwa, na wale walioijua kweli, maana wapo, walimsalimia kwa haraka zaidi kuliko wengine.

Mume wangu analala vizuri. Nimemwangalia miaka mingi nikitafuta dalili, na dalili sijaiona. Anacheka, anapendwa na wageni, watoto wanamfuata nyuma. Mara moja tu nilimwuliza kama huwa anamkumbuka yule mhasibu. Alisema anamkumbuka, na kwamba ndiyo maana ameweka ule ubao.

Miaka miwili na nusu baada ya kiapo nilitoa ukurasa kwenye kasha, nikapanda basi mpaka ofisi za usalama wa maji, mwendo wa saa nne. Alinipokea ofisa mmoja mwanamke, kijana, mwenye adabu. Aliusoma, akaugeuza nyuma, akausoma tena.

"Huu ndio wa kweli?"

"Ndiyo."

"Na ule ulioapa?"

"Niliuandika baadaye."

Akauweka ukurasa mezani. "Mama, sikutishi. Nakueleza tu ili ujue unachofanya. Ukishaandika maelezo hapa, umekiri kudanganya chini ya kiapo na kughushi, na kuna mtu alifariki. Faili litafunguliwa upya, na wewe utakuwa wa kwanza ndani yake. Bado unataka kuandika?"

Nilisema nataka. Akanipa fomu na kalamu. Niliandika jina langu, nikaandika anwani, na nilipofika penye maelezo nikamwambia naomba niende nayo nyumbani nikatulie. Akasema hakuna tatizo, nikirudi watanisikiliza. Alinifungulia mlango mwenyewe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Dada, jikoni kule shuleni, na fomu mkononi. Nikamwambia tukienda wawili nitaweza. Nikamwambia atasafishwa, atarudi ziwani. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kisu kinakwenda.

"Unataka nikushike mkono," alisema.

"Peke yangu naogopa."

"Mimi pale chumba cha kulia nilikuwa na nani?"

Nikaikunja fomu mara mbili.

"Ukitaka kwenda, basi lipo asubuhi na mchana," alisema. "Usiniombe nikusindikize. Na usinipe tarehe, nisije nikaanza kuhesabu siku."

Nilisema nitakwenda wiki ijayo. Aliinua macho akanitazama, akatikisa kichwa polepole, akachukua kiazi kingine. Wiki ilikuja na mtoto wangu mkubwa akawa na mitihani. Ikaja nyingine. Fomu bado ninayo, na chini ya anwani haijaandikwa kitu.

Mwisho wa mwaka huo alihama. Alimchukua Mama na vitu vyao viwili vitatu, wakashuka nchi ya chini, tambarare, mahali pasipokuwa na ziwa wala mlima, ambako binamu yetu ana duka la vyakula na alihitaji mtu wa kukaa dukani. Sikuambiwa. Nilikwenda Jumapili na maandazi nikakuta mpangaji mpya anapaka rangi mlango.

Namba yao niliipata kwa binamu. Napiga kila Jumapili, saa kumi, wakati huku wageni wametoka matembezini na mapokezi pametulia. Mara nyingi anapokea Mama, tunaongea habari za miguu yake na dawa. Lakini siku nyingine anapokea yeye. Nasikia anavuta pumzi, nasikia na watu wa dukani nyuma yake. Mwanzoni nilikuwa nawahi kusema, Dada, ni mimi, nakuomba unisikilize kidogo. Siku hizi nimeacha, nasema shikamoo tu.

"Marahaba," hunijibu. "Subiri nimpe Mama."